Kuku Kumi na Wanne, Mbwa Mzee na Paka Ajuza Katika Ua Mmoja

Zamani mbwa wangu Manamba alikuwa akimkimbiza mwewe mpaka ploti ya tatu, kisha anarudi amejaa vumbi na majivuno. Siku hizi mwewe hushuka, huokota kifaranga, hupaa zake, naye Manamba huinua kichwa kama mzee aliyeulizwa saa. Ana miaka 13. Nilimpa jina hilo angali mdogo kwa sababu alipiga kelele kutwa kama manamba wa Githurai, wale wapigadebe wa matatu, na wakati huo bado nilikuwa naendesha matatu Barabara ya Thika. Nilipoachana na usukani nilimkuta hapa nyumbani Kahawa West pamoja na kuku wanne wa mke wangu na paka anayeitwa Shosho. Kuku sasa ni kumi na wanne. Shosho amefika miaka 15 na hataki kuguswa kiuno.

Anayekufundisha kufuga kuku hukufundisha kuku peke yake, na wa mbwa vivyo hivyo. Lakini ua wangu ni futi ishirini kwa thelathini, na humo hakuna mnyama wa peke yake. Kiroboto cha kuku huhamia kwenye sikio la mbwa. Dawa ya mbwa hufika kwenye ulimi wa paka. Paka hunywa maji ya kuku. Mnyama kijana huyastahimili mengi ya haya bila wewe kujua, mzee hawezi. Basi nitakueleza ninavyofanya, na mengi niliyajua baada ya kukosea.

Kama unaogopa sheria, kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Kinachomleta jirani mlangoni ni harufu na jogoo wa saa kumi alfajiri.

Banda, na mahali pa kulala mzee

Banda langu limeinuliwa futi mbili kutoka ardhini, mbao za vipande kutoka kwa seremala, mabati juu, waya wa kuku mbele. Kuku wakubwa nawahesabia wanne kwa kila mita moja ya mraba, hata kama wanashinda nje. Ukiwabana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni, wataanza kudonoana matako mpaka damu. Fito za kulalia ziwe na upana wa kushikika, kila kuku apate kama sentimita ishirini. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano, na usishangae wote wakipanga foleni kwenye kimoja tu.

Chini sakafuni weka maranda ya mbao, yale yaliyojikunja, si unga wa msumeno. Vifaranga hula ule unga wakadhani ni chakula. Maranda yakilowa, yatoe siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wa kuhara damu huzaliana. Msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi mpaka Mei, mimi hubadilisha karibu na mlango kila baada ya siku mbili na kule ndani kila wiki.

Sasa kosa la kwanza. Kwa sababu banda limeinuka, Manamba alipachagua pale chini pawe chumba chake. Palikuwa na kivuli, pakavu, na aliwasikia kuku wakihema juu yake. Nikaona ni jambo zuri, nikamtandikia gunia kabisa. Usifanye hivyo. Kila kinachoanguka kutoka kwenye banda, kuanzia kinyesi hadi wadudu, humwangukia yeye, na mbwa mzee hajikuni tena vizuri wala hafiki mgongoni kwa meno. Kitanda chake kiweke upande mwingine wa ua, mlangoni pa jikoni kama unaweza, juu ya mbao ili baridi ya simiti isimpande.

Mchana wa utitiri

Hiki ndicho kisa kilichonifanya nianze kufuatilia kila kitu kinachoingia uani.

Ilikuwa Februari, joto kali. Kuku walianza kukataa kuingia bandani jioni. Mayai yakapungua kutoka tisa kwa siku hadi manne. Kondakta, tetea wetu mkubwa kwa umri, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hupitia kila kuku akichukua chake, alikuwa na upanga wa kichwani uliopauka kama midomo ya mtu mwenye malaria. Mchana nilikagua banda sikuona kitu. Ndipo jirani yangu Mama Wairimu akaniambia, "Baba Mutua, usitafute mchana. Ingia saa tatu usiku na tochi na karatasi nyeupe."

Nikaingia. Nikapitisha karatasi chini ya fito, pale inapokaa kwenye ukuta, kama unavyofuta meza. Karatasi ilitoka na michirizi myekundu. Ile ilikuwa damu ya kuku wangu ndani ya matumbo ya utitiri. Mchana wadudu hawa hujificha kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya. Nikamulika chini, kwenye gunia la Manamba, nako ni vile vile.

Kesho yake nilienda kwenye duka moja la dawa za mifugo nikanunua unga wa kuua wadudu. Niliuliza swali moja tu: "Unafaa kuku na mbwa?" Nikaambiwa ndiyo. Na kweli ulifaa kuku na mbwa. Nikanyunyiza banda, nikampaka Manamba shingoni mpaka mkiani, nikanawa mikono, nikajiona bingwa.

Sikuuliza kuhusu paka. Shosho hulala tumboni kwa Manamba tangu mbwa huyo akiwa kitoto. Jioni ile nilimkuta jikoni akitetemeka masikio, kisha mabega, kisha mwili mzima, macho yametanuka. Nilimpigia daktari wa wanyama nikamsomea maandishi ya kwenye pakiti. Alinisimamisha kwenye neno moja: permethrin. Mbwa huistahimili, kuku pia, lakini mwili wa paka hauwezi kuivunja. Akaniagiza nimwoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, si maji moto, nimkaushe, nimfunike, nimpeleke. Alilala kwa daktari usiku mbili akidungwa dawa ya kutuliza misuli. Alipona. Tangu siku hiyo akinusa unga wowote huondoka chumbani.

Kwa hivyo utitiri uutoe hivi. Toa kuku wote asubuhi. Zoa maranda yote, yachome au yafunge kwenye gunia la plastiki. Chemsha maji, mwaga kwenye kila ufa, hasa kwenye ncha za fito na nyuma ya viota. Pakaushe juani. Kisha paka oili chafu ya gari kwenye viungo vya mbao kwa brashi. Ile ya gereji iliyotolewa kwenye injini haigharimu kitu, na wadudu hukwama humo. Iache inyonywe na mbao kabla kuku hawajarudi, na usipake pale wanapokalia. Rudia baada ya siku saba, maana mayai ya utitiri uliyoyaacha yatakuwa yameanguliwa. Bila hiyo mara ya pili umepoteza kuni. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, na kama una paka na ndani kuna permethrin, rudisha.

Kuna na wale wanaochukua dawa ya matone ya mbwa, ya viroboto, wakampaka kuku mgongoni. Nyingi zina fipronil, na hiyo hupita mpaka kwenye yai. Mwaka 2017 Ulaya walitoa mayai kwa mamilioni madukani kwa sababu ya dawa hiyo hiyo kutumika kwenye mabanda. Yai langu hula mjukuu wangu, sitaki mchezo.

Viroboto vya kuku ni kitu kingine. Vile haviruki huku na huku, hung'ang'ania kama punje za pilipili manga kuzunguka macho na upanga. Kwa mbwa vitafute kwenye ukingo wa sikio, kwa paka kati ya jicho na sikio. Nawapaka mafuta ya mgando, mazito, vikose hewa. Baada ya siku mbili tatu vinadondoka. Halafu tengeneza sanduku la majivu ya jiko na udongo mkavu mahali pasiponyeshewa, kuku wenyewe wataoga.

Chakula, na nani anakula cha nani

Kuku wa kutaga hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku wangu kumi na wanne humaliza gunia la kilo 70 kwa siku arobaini hivi, na wakipata sukuma wiki na mabaki ya jikoni husogea mbele kidogo. Sukuma itundike kwa kamba wairukie. Ukiitupa chini wanaikanyaga wakaiacha. Chakula cha kutaga kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai, kwa hivyo usiwape vifaranga, huharibu figo zao. Wao wana chakula chao mpaka wiki ya nane, halafu cha kukulia, halafu wakikaribia kutaga ndipo uhamie hiki.

Figo za mbwa mzee nazo hazihitaji chokaa hiyo. Manamba alipopunguza kutafuna aligundua kwamba chakula cha kuku ni laini na hakihitaji meno, akawa anajihudumia. Nikatundika kihori kwa mnyororo kiwe sawa na mgongo wa kuku. Kuku anafika kwa kunyoosha shingo, na mbwa mwenye baridi yabisi hawezi kuinama namna hiyo kwa muda mrefu. Mwenyewe humpikia ugali laini na matumbo yaliyokatwa vidogo, bila chumvi, bila kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa na paka, kwa hivyo yale mabaki ya mchuzi wa wageni hayaendi kwake, hata akikutazama kwa macho yale. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha. Naifunga kwenye karatasi na kuitupa mbali.

Parachichi usiwape kuku, hasa ganda, kokwa na majani. Ndege hudhurika nalo. Kwangu mti huo uko upande wa pili wa ukuta na matawi yanavuka. Nimeyapogoa na jirani amekubali, baada ya trei moja ya mayai.

Kuhusu mahindi nitakuwa mkali kidogo. Mimi ni mtu wa Makueni. Mwaka 2004 huko kwetu, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile wengi huita aflatoksini, na 125 wakafa. Nilibeba jeneza moja kati ya hayo. Sasa nasikia mtu akisema, "Haya yameota ukungu, si ya watu, wape kuku, mpikie mbwa." Sumu ile haijui ya watu wala ya mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka, ini lake huisha, na kuku hudumaa na kuacha kutaga. Mahindi yaliyoota ukungu hutupwa. Kuyapika hakuitoi sumu, na kuyaosha hakusaidii.

Mzunguko wa asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu jua linachomoza Nairobi, mwaka mzima halichezi sana. Nafungua banda kabla sijanywa chai, nakaa kwenye debe, natazama. Simwagi chakula kwanza. Kuku akiona chakula hata mgonjwa hujifanya mzima. Natazama nani ametoka wa mwisho, nani amefumba macho, nani mbawa zimelegea. Kinyesi cha kawaida kina kilemba cheupe juu. Kikiwa cha damu, natenga kuku huyo na kumpelekea daktari sampuli kwenye karatasi ya nailoni. Kikiwa cha kijani na kuku amepinda shingo, nachelewa kupumua, maana hicho huweza kuwa kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle.

Baadaye namgeukia Manamba. Sitazami sura, sura ya mbwa haisemi ukweli. Natazama anavyoamka: mguu gani unatangulia, anachukua muda gani, anaanguka upande gani. Nimeandika nyuma ya kalenda. Januari alihitaji pumzi tatu kusimama, Juni zikawa saba, ndipo nikampeleka. Daktari alimpa dawa ya maungo na kuniambia nimpunguze kilo mbili. Kila kilo anayoibeba inabebwa na goti linalouma.

Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho, jeupe kama maziwa. Jogoo wangu aligundua kabla yangu. Alikuwa akimvizia upande huo huo kila siku, anampiga kwa ule mwiba wa nyuma ya mguu. Nilidhani mbwa amekuwa mwoga. Kumbe haoni ngumi inakotoka. Nilimkata jogoo ncha za miiba kwa tupa, polepole, bila kufika kwenye nyama, na sasa Manamba hula kuku wakiwa wamefungiwa. Kwa mbwa anayepoteza macho, usihamishe kitu. Bakuli la maji lipo pale lilipokuwa miaka kumi iliyopita. Siku niliyosogeza ngazi alijigonga mara mbili, nikairudisha.

Shosho ndiye mgumu kusomwa. Paka huficha maradhi kama mtu wa kijijini anavyoficha pesa. Nilichokiona ni kwamba alikuwa amekwenda kunywa kwenye chombo cha maji ya kuku mara tatu kabla ya saa sita mchana, naye maisha yake yote nilikuwa sijamwona akinywa. Mkojo kwenye mchanga wake ukawa madonge makubwa, na nilipomwinua alikuwa mwepesi. Paka mzee anayekunywa sana, anayekojoa sana na kukonda, mpeleke akapimwe damu, mara nyingi ni figo. Ndivyo ilivyokuwa.

Hilo lilinifundisha jambo lingine: siku ninayotia dawa kwenye maji ya kuku, Shosho hufungiwa ndani na maji yake, na Manamba vile vile.

Siku ya chanjo

Chupa ndogo ya chanjo ya kideri tunayopata ni ya kuku mia. Mimi nina kumi na wanne. Kwa hivyo tumeungana nyumba tano, kila baada ya miezi mitatu. Chanjo za mifugo hutengenezwa hapa hapa nchini, kwenye taasisi ya serikali, KEVEVAPI, lakini sisi hununua agroveti. Mwanangu Mutua ndiye hutumwa, na hutumwa na chupa ya chai yenye barafu ndani. Akirudi na chanjo mfukoni, hata kama ni mwanangu, haifiki kwa kuku.

Ikiwa ya matone ya jicho, mmoja anamshika kuku ubavuni, mwingine anadondosha tone moja na kusubiri kuku apepese. Asipopepesa, hajapata. Ikiwa ya maji, kuna mtego ambao umewaponza wengi mjini: maji ya mfereji Nairobi yana klorini, na klorini huua chanjo. Tumia maji ya mvua, au yaache maji ya mfereji kwenye beseni wazi usiku mzima, kisha koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo kabla ya kutia chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili ili wawe na kiu, halafu yote yanywewe ndani ya saa mbili. Fanya asubuhi, kivulini. Kuku mgonjwa usimchanje.

Siku hiyo hiyo nafungua kitabu cha Manamba na Shosho. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, na uzee si sababu ya kuiruka. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na hilo haliwezi kufika kama kila mtu anasema wangu ni mzee, hatoki nje. Mbwa wa wengine huingia. Ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa za watu

Hapa nitapita haraka kwa sababu jibu ni fupi: hapana. Panadol humuua paka, hata kidonge kimoja. Brufen na diclofenac hutoboa tumbo la mbwa na kuzima figo zake. Najua unamwona mzee wako akichechemea usiku na kabatini una vidonge vya mgongo wako mwenyewe. Mimi nimesimama mbele ya kabati hilo. Piga simu. Kabete kuna kliniki ya chuo kikuu, Karen kuna KSPCA, lile shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, na daktari yeyote aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo atakuonyesha cheti ukimwomba.

Na kuku wakipewa antibayotiki au dawa ya minyoo, pakiti huandika siku ngapi mayai yasiliwe. Hesabu siku hizo na uyatupe. Usimpe mbwa pia.

Baridi ya Julai

Usiku wa Julai hapa huteremka hadi digrii kumi au kumi na moja. Kuku wakubwa hawana shida, wana makoti. Funga upande unaovuma upepo kwa gunia, lakini juu karibu na mabati acha nafasi ya hewa, la sivyo watakohoa.

Vifaranga ndio kazi. Wiki ya kwanza wanataka digrii 33 hivi, kisha unapunguza kama tatu kila wiki. Mimi sina kipimajoto, nasoma wao wenyewe: wakijirundika ni baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi ni joto, wakitawanyika kama watoto wa chekechea wakati wa mapumziko wako sawa. Natumia balbu ya joto ndani ya sanduku lenye waya juu, na Shosho hulala juu ya huo waya, mkia unaning'inia, vifaranga wanaudonoa. Amekuwa mzee sana hata kuwatamani.

Stima ikipotea, watu hukimbilia jiko la makaa chumbani. Moshi usioonekana wa makaa huua vifaranga, na huua watu. Chemsha maji, jaza jerikeni ya lita tano, ifunge kwa blanketi kuukuu, iweke katikati ya sanduku. Hudumu karibu saa nne. Huwa najaza mbili. Ya pili huenda kwa Manamba, nyuma ya mgongo, juu ya yale magoti. Blanketi liwe nene, na awe na nafasi ya kusogea, kwa sababu mzee aliyelala fofofo huungua bila kujua.

Yeye hasikii tena usiku, kwa hivyo ulinzi umerudi kwangu. Nimetia kufuli mbili kwenye banda na kutundika makopo matupu nyuma ya mlango. Rafiki yangu mmoja alinishauri nifuge bata bukini, wanapiga kelele kuliko mbwa. Nina majirani, nataka kubaki nao.

Mwisho wa mmoja mmoja

Tetea huanza kupunguza mayai baada ya miaka miwili au mitatu. Wengine wetu tunachinja, na hakuna aibu. Mchuzi wa kuku mzee una utamu wake ukimchemsha saa mbili. Kondakta ana miaka sita na bado yupo. Hutaga akijisikia, lakini hakuna anayeatamia kama yeye: siku ishirini na moja hasogei, na alishawahi kuangua mayai kumi kati ya kumi na moja. Mke wangu amesema atakayemgusa ahame. Hapo hakuna hesabu ya chakula itakayosaidia, usijaribu.

Manamba je? Nilimwuliza daktari nitajuaje. Alinipa swali la kujiuliza kila Jumapili: anakula, anasimama kwenda haja mwenyewe, bado kuna kitu anachokifurahia? Yakifika majibu mawili ya hapana, nimpigie. Mpaka leo kuna kitu kimoja anachokifurahia. Siku ambazo siti ya mbele ya gari la mwanangu iko wazi, anapandishwa na kuendeshwa mpaka Roysambu na kurudi, kichwa dirishani.

Dawa ya sindano ile ya mwisho hubaki ndani ya mwili, na anayefukua akala naye huweza kufa, awe mbwa wa jirani au mwewe. Kwa hivyo shimo ni mita moja na zaidi, mbali na kisima, na mawe juu. Nimeshachagua mahali, chini ya mpera, mkabala na mlango wa jikoni. Kuku wamepagundua, udongo wa pale ni laini, wanaoga vumbi humo kutwa. Jana nimeweka bati juu na matofali manne. Leo asubuhi nimemkuta Kondakta amelala juu ya bati, na Manamba amelala kando yake, upande wa jicho zima.